Masaki ya chokaa yasifike nyumbani

Sisi watu wa Katanga tunajua chokaa tangu zamani. Pale Likasi, mawe ya Kakontwe yanachomwa kwa moto wa karibu digrii 900, inatoka chaux vive. Usini inaitumia kwa kutenganisha shaba na mawe, na kwa kuua asidi ya maji machafu. Kazi yake ni nzuri, hatukatai.

Lakini hii unga inatafuta maji. Ikiyapata inachemka na kuunguza, na maji iko hata ndani ya jasho, hata ndani ya macho. Basi tunasema wazi: patroni anayetoa gants bila lunettes, bila robinet karibu, hajalinda mtu. Ikiingia kwa jicho, osha palepale na maji mengi, dakika 20 na zaidi, kisha kimbia hospitali, ndimu hapana! Kwa ngozi, pangusa vumbi kavu kwanza, vua nguo, ndiyo umwage maji mengi.

Na yale masaki matupu bamama bananunua ku soko kwa kutia makala ao unga? Patroni ayazuie ku mlango wa usini. Mvua ikinyesha, batoto banajifunika nayo.