Mazungumzo ya Nyumbani: Moto Uliobaki Kambini

Mwezi huu twapenda mfikiri pamoja nasi jambo moja la ujirani, nalo ni hili: watu wakisafiri pamoja, kisha likatokea baya, ni nani atakayelibeba? Wako watu wenye motokaa za nguvu, ziwezazo kupita hata pasipo barabara, nao hufanya chama na kwenda porini kwa furaha yao. Mara nyingine hufuatana na mtu asiye wa chama, aliyechukua hema lake tu apate kulala nje na kuitazama nchi. Mambo yakiwa mema, wote ni ndugu. Mambo yakiharibika, ndipo kila mmoja huanza kuuliza, "Mimi na yule tulipatana nini?"

Tuweke mfano, maana neno hufahamika zaidi likipewa mahali. Tuseme motokaa tano za chama zimetoka Lindi mwezi wa Agosti, zapita Ruangwa kwenda Nachingwea, na mbele yake Liwale. Mwenye hema mmoja afuatana nazo kwa motokaa yake mwenyewe, naye ametoa sehemu yake ya chakula. Jioni kiongozi wa chama aacha barabara, afuata njia ya miguu, achagua mahali pa kulala kando ya shamba la mikorosho. Wanachama wawasha moto, na wote waota pamoja. Alfajiri kiongozi aamuru safari. Mwenye hema hajamaliza kukunja hema lake, aambiwa, "Utatukuta mbele." Atazama majivu, aona hayana moshi, aenda zake. Kumbe ndani ya kisiki moto ungali hai. Saa nne upepo wavuma, majani makavu yashika, na kabla ya adhuhuri mikorosho thelathini imeungua pamoja na maua yake.

Wenyeji wa Nachingwea na Ruangwa hawana haja ya kuambiwa hasara hiyo ni kitu gani. Mkorosho hupandwa ukangojewa miaka mitatu au zaidi kabla ya kuzaa, na miaka mingi tena kabla ya kuzaa sana. Maua ya wakati wa kiangazi ndiyo korosho za mwisho wa mwaka. Na korosho ndizo sare za watoto, bati la nyumba, na dawa ya mgonjwa.

Basi, sikilizeni mashindano yao. Chama chasema: "Huyu si mwanachama wetu. Alikuja kwa hiari yake, akijua kwamba safari za porini zina hatari. Tena yeye ndiye aliyeondoka wa mwisho, na wa mwisho ndiye mwenye kuzima moto." Mwenye hema ajibu: "Mimi nilikuwa mgeni. Sikuchagua mahali, sikuwasha moto, wala hapana aliyenipa kazi ya kuuzima. Aongozaye ndiye ajibuye." Kila mmoja ana neno la kweli kinywani mwake, na hapo ndipo penye ugumu. Mwongo ni rahisi kumhukumu. Bali wawili wenye nusu ya kweli kila mmoja, hao ndio walisumbuao baraza.

Jambo hili si geni. Walimu watakumbuka sura ya 21 na ya 22 za kitabu cha Kutoka. Humo mtu aliyewasha moto, ukashika miiba na kuiteketeza nafaka ya jirani, yampasa alipe. Haulizwi kama alikusudia. Aliyechimba shimo asilifunike, mnyama wa mtu akatumbukia, naye hulipa. Tena sheria hiyo yapambanua vizuri: mnyama wa kuazima akifa, mwenye kuazima hulipa, lakini kama mwenyewe mnyama alikuwapo pamoja naye, halipi. Twaona basi kwamba mwenye amri juu ya kitu, akiwapo mwenyewe, hawezi kumtwika mwingine mzigo wote.

Na mahakama za siku hizi zimefika karibu na hapo hapo. Mwaka 1928, katika mji wa Paisley huko Uskoti, mwanamke jina lake May Donoghue alikunywa kinywaji cha chupa, akadai kwamba ndani yake mlikuwa na konokono aliyeoza. Kinywaji hakukinunua yeye. Alinunuliwa na rafiki. Kwa hiyo mtengenezaji alisema, "Mimi sina mapatano naye." Mwaka 1932 mahakimu wakuu wa London waliikataa kinga hiyo. Hakimu mmoja wao, Lord Atkin, alilishika swali lililoulizwa katika Luka sura ya 10, kwamba jirani yangu ni nani, akalijibu kwa njia ya sheria: jirani yako ni yule ambaye ilikupasa kumwaza kabla ya kutenda, kwa kuwa tendo lako laweza kumdhuru. Hata leo mahakama za Tanzania huitumia kanuni hiyo katika madai ya uzembe. Tena mwaka 1935 sheria ya Uingereza ilikubali kwamba wakosaji wawili wa hasara moja waweza kugawana malipo, kila mtu kwa kadiri ya kosa lake.

Sasa twaweza kurudi kambini. Chama kilichagua mahali, kikawasha moto, kikatoa amri ya kuondoka. Kosa lake ni kubwa. Mwenye hema aliota moto ule, akaondoka wa mwisho, akayatazama majivu kwa macho tu asiyaguse. Hawezi kutoka mikono mitupu. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ugeni humpa mtu heshima, haumwondolei wajibu.

Lakini kuna mtu wa tatu ambaye wote wawili wamemsahau. Mwenye shamba hakuwapo kambini, hakuombwa ruhusa, hakutia sahihi karatasi yoyote. Hata kama mwenye hema aliandikiana na chama kwamba hatawadai, karatasi hiyo ni ya wao kwa wao. Kwa mwenye mikorosho haina neno. Kwa hiyo twaona haki ni hii: kwanza alipwe yeye, tena alipwe yote, kisha wasafiri wakae wagawane wenyewe, hata kama shauri lao litachukua mwezi.

Nchi ya Nachingwea imepata kuona mashindano makubwa zaidi ya namna hii. Mradi wa karanga ulianza mwaka 1947, ukaleta matrekta Kongwa, Urambo na Nachingwea, ukaachwa mwaka 1951 baada ya kupoteza pauni milioni 36 hivi. Huko London walishindana sana ni nani wa kulaumiwa, waziri, au shirika, au waliotoa shauri la kwanza. Mashindano hayo hayakuinua tena hata mti mmoja ulioangushwa.

Neno hili ni la nyumba zetu pia. Mwalimu achukuapo wanafunzi kwenda matembezi mtoni, na mtoto wa jirani akafuata nyuma, asiseme, "Huyo hamo katika daftari langu." Ama amrudishe kwao, ama amhesabu pamoja na wengine. Na wasafiri nao wafanye haya: wamwone mwenyekiti wa kijiji kabla ya kupiga hema, watajane kwa jina ni nani wa kuzima moto, wamwage maji, wachanganye majivu na udongo, wapeleke mgongo wa mkono karibu, na pakiwa na joto wasiondoke.

Jioni ya leo waulizeni watoto: ninyi mngalikuwa wazee wa baraza, mngaligawaje malipo ya mikorosho ile thelathini? Wasikilizeni mpaka mwisho kabla ya kuwasahihisha. Kwaherini mpaka mwezi ujao.