Uwezo wa karakana haupimwi kwa mashine

Neno "uwezo" huonekana jepesi. Ni nomino iliyonyambuliwa kutokana na kitenzi "weza", na mwanafunzi wa kidato cha kwanza atalitungia sentensi bila kuumiza kichwa. Lakini lipeleke neno hilo katika karakana ya jua kali pale Otonglo, kando ya barabara itokayo Kisumu kuelekea Busia, uone litakavyozua mzozo. Mwalimu mkuu anauliza: "Fundi, utaweza madawati 120 kabla ya shule kufunguliwa?" Fundi anajibu: "Nitaweza, mwalimu." Shule zinafunguliwa, watoto wanaketi sakafuni, na mwalimu anaondoka akisema kuwa mafundi ni waongo.

Fundi hakusema uongo. Alichosema ni kwamba anaijua kazi. Mwalimu naye alisikia kwamba kazi itakwisha kwa wakati. Uwezo wa yule wa kwanza hauna saa ndani yake, ilhali ule wa pili hauna maana bila saa. Kiswahili kina kitenzi kingine ambacho kingewafaa zaidi, nacho ni "mudu". Kumudu ni kuweza huku ukihesabu ulicho nacho: mikono, fedha, nafasi na siku. Yamkini fundi huyo angeulizwa anamudu mangapi kwa siku, angetua kidogo kabla ya kujibu.

Taifa zima liliwahi kuteleza papo hapo. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari, na mwaka 1990 magari ya Nyayo Pioneer yakaonyeshwa hadharani. Yalitembea. Ila kuunda magari machache ya majaribio ni jambo moja, na kuyatoa kiwandani siku baada ya siku ni jambo jingine. Hilo la pili halikutokea.

Aidha, watu wa Otonglo hawana haja ya kwenda Nairobi kutafuta mfano. Si mbali nao, kando ya barabara iyo hiyo, kuna kiwanda cha molasi cha Kisumu. Ujenzi wake ulianza miaka ya 1970, ukakwama mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mitambo ikakaa bure takriban miaka ishirini hadi kampuni ya Spectre International ilipokifufua mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hata baada ya kufufuliwa, kiwanda hicho kilitegemea molasi ya viwanda vya sukari, na mwaka 2012 Mumias ilizindua kiwanda chake yenyewe cha ethanoli. Ukubwa wa matangi haukuweza kumzalishia mtu lita moja ya ziada pale molasi ilipopungua. Kila kazi inayopitia hatua kadhaa ina mlango wake mwembamba (si ule wa Injili), na kinachotoka mwishoni hakiwezi kuzidi kinachopita hapo.

Sheria hiyo haibagui kiwanda kikubwa na kibanda cha mabati. Tuchukue karakana ya kubuni yenye mafundi wanne au watano. Kwa siku moja inaweza kukata vyuma vya madawati 60, kuchomelea fremu 20, kuranda mbao za madawati 40, kupaka rangi fremu 12, na kufunga mbao juu ya fremu 30. Rangi ni 12 tu kwa sababu fremu iliyopakwa hulala usiku mzima ikikauka, na chini ya paa hakuna nafasi zaidi. Nje mvua ya alasiri ya ukanda wa ziwa haimsubiri mtu. Karakana hii inamudu madawati 12 kwa siku, basi. Wala si 60, wala si wastani wa tarakimu hizo.

Sasa fundi mkuu apate fedha. Atanunua nini? Aghalabu atanunua mashine ya pili ya kuchomelea, kwa kuwa ndiyo inayong'aa na ndiyo mteja anayoiona. Matokeo yake ni rundo la fremu kubwa kuliko la awali, pengine limewekwa pale pale palipokuwa pa kuanikia. Kila fremu 48 zinazongoja rangi ni siku nne za kungoja, na ni fedha za vyuma zilizokwisha kulipwa. Ilhali mabati machache na nguzo sita za kupanua kivuli zingemfikisha kwenye madawati 20, ambapo sasa kuchomelea ndiko kungekuwa mlango mwembamba, na hapo ndipo mashine ya pili ingekuwa na maana. Eliyahu Goldratt aliandika riwaya nzima juu ya jambo hili mwaka 1984, iitwayo The Goal, na walimu wa fasihi watashangaa kujua kwamba husomwa katika vyuo vya biashara. Mojawapo ya hoja zake ni kwamba saa inayopotea kwenye mlango mwembamba imepotea kwa karakana nzima. Stima ikipotea asubuhi moja, mchomeleaji wetu anaweza kufidia, maana ana nafasi ya fremu nane kila siku. Mpaka rangi akikosa rangi asubuhi hiyo, hakuna atakayezifidia fremu zake.

Mpangilio wa kazi nao una hesabu yake, na hapa naomba msomaji avumilie. Mafundi wengi hupenda kumaliza hatua moja kwa oda nzima ndipo waingie nyingine. Kwa madawati 120, kukata ni siku 2, kuchomelea siku 6, kupaka rangi siku 10, kufunga siku 4. Mbao zitarandwa wakati fremu zinachomelewa. Jumla ni siku 22, na hadi siku ya 18 hakuna hata dawati moja la kuonyesha. Watu hao hao, kwa vifaa hivyo hivyo, wakiyapitisha madawati 12 kwa mkupuo, kila fundi akikaa kwenye hatua yake, watakata na kuchomelea fungu la kwanza siku ya kwanza, watalipaka rangi siku ya pili, na siku ya tatu litakuwa shuleni. Fungu la kumi litafika siku ya 12.

Tofauti hiyo ya siku kumi ndiyo inayoamua iwapo mkopo utamsaidia fundi au utamnyonga. Hazina ya Hasla, ilipozinduliwa Novemba 2022, ilitoa mikopo ya kuanzia Sh500 hadi Sh50,000, ilipwe katika siku 14. Mwenye mzunguko wa siku 22 atadaiwa kabla ya kuuza chochote. Sidhani kwamba waliopanga siku hizo 14 waliwahi kuhesabu fremu zinazokauka.

Serikali, kama mteja, nayo haikosi lawama. Mwaka 2020 ilitenga Sh1.9 bilioni ili mafundi wa jua kali watengeneze madawati ya shule, chini ya Profesa George Magoha, waziri wa elimu wa wakati huo. Nia ilikuwa njema, na fedha zilifika mikononi mwa watu ambao hawazoei kuziona. Lakini oda kubwa inayokuja mara moja na kuondoka humshawishi fundi kuajiri vijana na kununua vyuma asivyokuwa na pa kuvipeleka baadaye.

Walimu wakuu watasema kwamba hawana hiari, kwa kuwa mgao wa serikali hutolewa kwa mafungu ya asilimia 50, 30 na 20 kwa mihula mitatu, tena mara nyingi ukichelewa. Ni kweli. Hata hivyo, barua ya oda haizuiwi kuandikwa Oktoba, ikitaja madawati 36 ya kwanza yalipwe yakipokewa, kisha 36 mengine. Na kabla ya kutia sahihi, mwalimu aingie karakanani aangalie rundo lililo refu kuliko mengine liko mbele ya nani, kisha amuulize huyo, badala ya mwenye karakana, anamudu mangapi kwa siku.