Undugu Usio na Karatasi

"Undugu huo hauna karatasi." Nani hapa kambini hajayasikia maneno hayo kwenye dirisha la ofisi? Mtoto wa marehemu dada yako, uliyemlea tangu ananyonya, anaandikwa kama mtu baki. Mara ya kwanza ulisema alizaliwa wakati wa mavuno, mara ya pili ukasema mvua zilikuwa zimeanza. Basi, faili limewekwa pembeni, mtoto kwake na wewe kwako.

Mimi nabisha. Na leo sibishi kwa mifano ya kwetu, maana nitaambiwa hayo ni mambo ya mila. Nabisha kwa mifano ya Uingereza, kwa wale mabwana wenye mashamba wa zama za kati, ambao mpaka leo wapo watafiti wanaofuatilia nani alikuwa mtoto wa nani, na wanafanya hivyo kwa heshima kubwa.

Mabwana hao hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Amri ya kila parokia kuandika ubatizo, ndoa na mazishi ilitoka mwaka 1538. Kabla ya hapo, mtu aliyeshika ardhi moja kwa moja kutoka kwa mfalme akifa na kuacha mtoto mdogo, mfalme alichukua ardhi na ulezi wa mtoto, na ulezi wenyewe uliweza kuuzwa. Kijana wa kiume akifika miaka 21 anadai ardhi yake. Atathibitishaje umri? Waliitwa watu wa eneo lile, kwa kawaida kumi na wawili, wakaulizwa: mnajuaje? Huyu anasema siku ya ubatizo wake nilivunjika mguu. Yule anasema wiki ile nilimzika baba. Mwingine anasema mke wangu alijifungua siku hiyohiyo. Sasa niambieni, "nilivunjika mguu" yao na "wakati wa mavuno" yetu vina tofauti gani? Ushahidi huo ulipokelewa, na ardhi ikarudi.

Kuna na kichekesho. Wanahistoria walipolinganisha hati hizo waligundua kumbukumbu nyingine zimenakiliwa kutoka kesi moja hadi nyingine. Miguu ileile inavunjika kwa ajili ya watoto tofauti! Karani alikuwa anajaza fomu tu. Lakini watafiti hawakuzichoma hizo hati. Wanazipima, wanachukua kinachofaa, wanaendelea kutafuta.

Tena mwangalieni Geoffrey Chaucer, mshairi wao mkubwa. Mwaka 1386 alitoa ushahidi katika kesi ya Scrope na Grosvenor, waliogombea nembo moja ya ukoo. Umri wake ukaandikwa: miaka arobaini na zaidi. Na zaidi! Mpaka leo mwaka aliozaliwa haujulikani kwa hakika, na hakuna anayemwita mwongo kwa hilo. Sisi ambao kompyuta imetuzaa wote tarehe 1 Januari tunakaripiwa kwa kutoijua siku yenyewe.

Na majina ya undugu je? Katika hati zao za Kilatini kuna neno *nepos*. Linaweza kuwa mjukuu, linaweza kuwa mpwa. Katika barua zao mkwe anaitwa mwana, shemeji anaitwa kaka. Mtafiti akikuta hivyo hasemi familia hii inajichanganya. Anajua ndivyo walivyoitana. Lakini mtu wetu akimwita baba mdogo "baba" kwenye mahojiano, anaulizwa: una baba wangapi?

Lakini mfano unaoniuma zaidi ni wa ukoo wa Paston, wa Norfolk. Clement Paston, aliyekufa mwaka 1419, alikuwa mkulima. Karatasi moja ya wasiowapenda inaeleza kwamba alilima mwenyewe, alipanda farasi bila tandiko kwenda kusaga nafaka yake, na mkewe alitoka kwa watwana, yaani watu waliofungwa kwenye ardhi ya bwana. Alikopa pesa kumsomesha mwanawe William, na William akawa jaji. Mjukuu wake, John, akadai urithi wa tajiri Sir John Fastolf, pamoja na ngome ya Caister. Hapo ndipo maadui wakasema: hawa ni watwana, hawana haki ya kushika ardhi hiyo. Familia ikaleta hati za kale na nasaba ndefu inayorudi nyuma mpaka zama za uvamizi wa mwaka 1066. Nasaba hiyo wanahistoria wengi hawaiamini. Mwaka 1466 Mfalme Edward wa Nne akatangaza kwamba ni waungwana wa damu tangu zamani. Kwisha! Wazao wa mkulima wakapata mababu kwa kauli ya mfalme.

Siwalaumu akina Paston. Walitetea kilicho chao kwa njia iliyokuwepo. Ninachosema ni kwamba karatasi yao haikuwa na ukweli kuliko mdomo wa jirani. Ilikuwa na mfalme nyuma yake. Anayekimbia usiku na mtoto mgongoni ana nani nyuma yake?

Najua hapa pia wapo wanaodanganya. Yupo aliyeandikisha mtoto wa jirani ili mgao uongezeke, na sote tunamjua. Huyo ashughulikiwe yeye, si kila mama anayesahau mwezi.

Ninyi ndugu zetu wa mashirika, iteni majirani. Iteni waliokuwa kwenye msiba wa yule dada, muwaulize mmoja mmoja wanakumbuka nini. Tarehe zikipishana, ulizeni tena kabla ya kuandika "si kweli". Mtu akisema "mtoto wangu, wa marehemu dada", andikeni hivyohivyo, maneno yote matano. Fomu ikikosa nafasi, andikeni pembeni.