UFUGAJI NYUMBANI: Samaki wanaopanua kinywa asubuhi

Mwezi huu tuongee juu ya samaki. Hapa kwetu Musienene, sanduku za kioo zenye samaki wa mapambo ni chache. Sisi tuko na viziwa bondeni, na tilapia ndani. Lakini magonjwa mengi ni yale yale, basi wewe kijana uliyeweka samaki watatu katika beseni, soma pia.

Mimi mwenyewe nilipoteza kiziwa kizima. Asubuhi moja samaki wote walikuwa juu ya maji, vinywa wazi, kama watoto wanaongoja uji. Nikakimbia kwa muuza dawa. Aliniuzia kapsuli za tetrasiklini, zile za watu, nikazifungua na kumwaga unga wote ndani. Siku ya tatu niliokota samaki wafu kwa ndoo. Na minervali ya watoto ilikuwa ndani ya kile kiziwa!

Kumbe hawakuwa na ugonjwa. Juma lile nilikuwa nimetupa mbolea ya nguruwe nyingi mno, na samaki walikosa pumzi. Mbolea inapooza inakula hewa ya maji. Majani mabichi ndani ya maji yanatoa hewa muchana, lakini usiku nayo yanaivuta. Ndiyo sababu taabu inaonekana mbele ya jua kupanda, na saa sita ya muchana samaki wanacheza tena, nawe unasema wamepona.

Ukiona hivyo, usinunue kitu. Acha chakula, acha mbolea. Fungua maji mapya yaingie kwa kuanguka kutoka juu, kwa mwanzi, na utoe yale ya chini yenye kunuka. Katika beseni, badilisha sehemu moja kwa tatu. Halafu pima: ingiza mukono mupaka kwenye kiwiko. Kama kiganja kinapotea macho mbele maji hayajafika kiwiko, na maji ni ya kijani, mbolea imezidi. Tena usiloweke muhogo humo, maji yake ni sumu kwa samaki.

Sasa magonjwa ya kweli. Lile ninaloona sana ni uchafu mweupe kama pamba juu ya ngozi. Tilapia anapenda maji ya moto, digri 25 mupaka 30, na milima yetu ni baridi. Ukimuvua kwa wavu vibaya, magamba yanatoka, na ukungu unaingia kwa kidonda. Huyu anatibika. Weka gramu 100 za chumvi ya jikoni katika litre 10 za maji safi, umwache ndani dakika 10, ukimwangalia. Akilala ubavu, mutoe mara moja. Rudia kesho na kesho kutwa.

Vidonda vidogo vyeupe kama punje za chumvi, na samaki anajisugua kwa mawe, ni kijidudu. Kinaanguka chini, kinazaa, kinarudi. Katika beseni, muhamishe kila siku kwa chombo kingine kilichooshwa. Kwa baridi yetu hilo linahitaji siku nyingi, usichoke.

Tumbo limevimba, magamba yamesimama, macho yametoka inje: huyo sijui mutu aliyemuponyesha nyumbani. Mutoe, umuzike mbali. Wengine wanamutupa kwa kijito, na jirani wa chini anapokea ugonjwa bila kujua.

Kwa ninyi wa upande wa zahabu: kama mashavu ya samaki yamejaa tope, dawa ni kupanda juu ya kijito na kuongea na wanaoosha muchanga. Mutapatana saa, au mutachimba mufereji mwingine. Zebaki ni mubaya zaidi, maana samaki ananenepa nayo bila alama yoyote, na watoto wanaila.

Kiziwa kikifa chote kwa ugonjwa, toa maji, acha tope lipasuke kwa jua. Mwaga chokaa mbichi kilo 10 mupaka 15 kwa are moja, mikono ikiwa imefunikwa na macho yakikingwa, maana inaunguza. Ngoja majuma mawili na zaidi mbele ya kuweka watoto wa samaki. Mimi nilingoja moja tu, nikaanza upya mara ya tatu.