MZIGO UNA CHETI, MGONJWA HANA

Ndugu wafanya kazi,

Kontena likitoka Mombasa kwenda Malaba huandikwa kwa makini. Makarani njiani wanajua limetoka wapi, lina uzito gani na ni mali ya nani. Likipotea, watu huulizwa mpaka lipatikane. Lakini mtu wa genge anayetengeneza njia ile ile akihamishwa kutoka Voi kwenda Nakuru, mara nyingi habari za ugonjwa wake hubaki nyuma. Anakwenda na daftari la shule alilolinunua mwenyewe dukani. Likilowa mvua, daktari mpya huanza kuuliza upya: ulipewa dawa gani? Damu yako ilipimwa lini? Basi nauliza, kati ya kontena na mtu, ni nani mwenye thamani?

Wako watu wanaosema: "Kompyuta ni mambo ya hospitali kubwa za Nairobi. Huku mashambani tuleteeni dawa kwanza." Mimi nakataa. Maneno hayo yanapendeza masikio, lakini ndiyo yanayotuweka nyuma. Dawa isiyo na hesabu humwendea mwenye kelele. Yule mchungaji wa kondoo mia tuliyesomewa shuleni alijua mmoja amepotea kwa sababu alikuwa amewahesabu. Kwa mchungaji asiyehesabu hapotei hata mmoja.

Tena si kweli kwamba kazi hii haiwezekani mashambani. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot karibu na Eldoret, waganga wa Moi University pamoja na wenzao wa Indiana, Marekani, waliweka kompyuta ya kuandika habari za wagonjwa. Walipopima waliona muda wa mgonjwa kukaa kituoni umepungua 22 kwa mia. Mwaka 2004 ikaanzishwa programu iitwayo OpenMRS, ambayo hutolewa bila kuuzwa, na juu yake ikajengwa KenyaEMR ya vituo vyetu.

Tazameni jambo la pili. Kuanzia mwaka 2007, wagonjwa 538 wa Nairobi na Kajiado waliokuwa wakianza dawa za UKIMWI waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilipelekewa kila juma neno moja kwa simu: "Mambo?" Mgonjwa alijibu "Sawa" au "Shida". Aliyesema shida, na aliyenyamaza pia, alipigiwa simu na watu wa kliniki. Waliokunywa dawa sawasawa katika fungu hilo walikuwa 62 kwa mia, na katika fungu lisiloulizwa 50 kwa mia. Neno moja tu! Lakini neno hilo lingekuwa bure kama pasingekuwa na mtu kliniki wa kupiga simu.

Hapo ndipo tuwe macho. Kule Mosoriot ilionekana pia kwamba muda wa mgonjwa mbele ya mganga ulipungua 58 kwa mia. Muda huo uliookolewa ni wa nani? Ukiwa ni sababu ya kupunguza wauguzi, tumeibiwa.

Tena tangu Oktoba 2024 mshahara wetu hukatwa 2.75 kwa mia kwa bima mpya ya afya. Kibarua asiye na mshahara wa mwezi huulizwa maswali juu ya nyumba yake na mali yake, kompyuta ikakadiria mchango wake. Hatukatai kuchangia. Tunakataa mashine inayojua mfuko wetu na isiyojua ugonjwa wetu. Kama yaweza kumtafuta kibarua ili alipe, yaweza kumtafuta pia asiporudi kuchukua dawa ya kifua kikuu.

Kwa hiyo chama kidai haya:

1. Habari za mgonjwa zimfuate kutoka kituo hata kituo, mfanya kazi na kibarua sawasawa.

2. Muda unaookolewa na mashine wapewe wagonjwa. Mwuguzi asiachishwe kazi kwa ajili yake.

3. Mwajiri asizifungue habari hizo. Sheria ya mwaka 2019 ya kulinda habari za watu inampa kila mtu haki ya kuonyeshwa yaliyoandikwa juu yake na kusahihishiwa yaliyo ya uwongo. Ile ya UKIMWI ya mwaka 2006 inakataza mtu kunyimwa kazi kwa sababu ya virusi. Zisomwe katika mikutano ya matawi.

Na tusingoje kuletewa. Katibu wa kila tawi aandike vituo vya afya vilivyo karibu na stesheni yake: kipi kina mashine inayofanya kazi, kipi kina mashine iliyofunikwa kitambaa, kipi kina daftari tu. Alete orodha hiyo katika mkutano ujao. Sisi tunaodai kuhesabiwa tuanze na hesabu yetu wenyewe, ili tukiingia mbele ya wakubwa tuwe na karatasi mkononi, si malalamiko tu.

Umoja ni nguvu.

Mimi mwenzenu,
Fundi wa Njia