Cheni Inang'aa, Je, Ina Unene?

Hela za korosho zikianza kuingia, Nachingwea na Ruangwa hapakaliki. Mabishoo shingoni cheni, kidoleni pete, bega moja juu! Miezi michache baadaye, shingo rangi ya kijani. Jamani, vipi tena?

Ndugu yangu, hiyo ni shaba iliyochovywa maji ya dhahabu. Shaba hutumbukizwa kwenye dawa yenye dhahabu, unapitishwa umeme, dhahabu inaganda juu yake. Tabaka likiwa jembamba, jasho na msuguano hulimaliza upesi.

Sasa tabaka hilo linapimwaje wakati linaganda? Utamu uko hapa. Kuna lile jiwe la kwazi, ambalo mara nyingi ndilo hubeba dhahabu ardhini. Kipande chake chembamba ukikitia umeme kinatetemeka. Ndicho kinachoendesha saa yako ya mkononi, mara 32,768 kwa sekunde. Mwaka 1959 Mjerumani Günter Sauerbrey alionyesha kwamba kitu kikiganda juu ya kipande hicho, mtetemo unapungua kasi. Kwa hiyo kijiwe kinakuwa mzani, tena wa kupima sehemu za bilioni za gramu!

Kasheshe inakuja kwenye maji mazito. Dawa nyingi za kuchovya dhahabu zina sayanaidi, sumu kali. Mwaka 2003 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, walitangaza maji ya aina nyingine: chumvi ya kolini, inayotiwa kwenye chakula cha kuku, ikichanganywa na urea, ile ile ya mbolea. Vitu viwili vikavu vinageuka kimiminika kizito. Lakini uzito huo nao unakibana kijiwe, kama mtu anayekimbia kwenye tope. Mtetemo ukipungua, utajuaje kama ni madini yameganda au ni tope tu? Dawa yake ni kupima mambo mawili: kasi ya mtetemo, na jinsi unavyodhoofika. Madini magumu hupunguza kasi tu. Kimiminika kizito hugusa vyote viwili.

Wewe huna maabara, sawa. Lakini sonara ana mzani, tupa na tindikali. Kabla hujatoa jasho la msimu mzima, mwambie muuzaji mwongozane hadi kwa sonara. Akianza kujing'atang'ata, mwachie cheni yake. Bora shingo tupu kuliko shingo ya kijani.

Tukutane wiki ijayo!