Nguvu Si Ngumi: Askari Huanzia Nyumbani

Kila yatokapo matangazo ya kusajili makurutu, mitaa yetu ya pwani hujaa pirikapirika. Kijana aliyekuwa akilala hadi saa nne ya mchana huonekana ghafla akikimbia ufuoni na viatu vya kuazima. Mama hupekua sanduku akitafuta cheti cha kuzaliwa. Baba naye huulizia ni nani amjuaye mkubwa jeshini. Siku ifikapo, kijana hurudi nyumbani kabla ya adhuhuri, nasi barazani twaanza maneno yetu yale yale: watu wa pwani hatutakiwi.

Sisemi kuwa malalamiko hayo hayana msingi hata kidogo. Upendeleo upo, na yafaa ukemewe. Lakini nauliza, ndugu msomaji, kijana huyo tulimtayarisha lini? Wiki mbili hazimtengenezi askari. Kwa maoni yangu, kazi hiyo yataka miaka minne au mitano, yaani ianze mtoto afikapo miaka 13 au 14. Tena jambo la kwanza la kumfunza si kupiga, bali ni kujizuia.

Wengi hudhani jeshi latafuta mbabe wa mtaa. Sivyo. Masharti huchapishwa magazetini wala si siri. Kwa makurutu wa kawaida, Jeshi la Ulinzi la Kenya hutaka raia mwenye kitambulisho, umri wa miaka 18 hadi 26, kimo kisichopungua mita 1.60, uzito wa kilo 54.55 kwa mwanamume na kilo 50 kwa mwanamke, vyeti vya shule, afya njema na jina lisilo na doa la jinai. Hakuna palipoandikwa kuwa atakiwa mtu aliyevunja pua ya mwenzake. Kinyume chake, ngumi moja ya barabarani iliyofika kortini yaweza kumfungia kijana mlango huo.

Nao umri una hekima yake. Wanavyuoni wetu hutusimulia jinsi Abdullahi bin Omar alivyojitokeza siku ya Uhud akiwa na miaka 14, Mtume (s.a.w.) asimruhusu, kisha akamruhusu siku ya Khandaq alipotimiza miaka 15. Kurudishwa nyumbani hakukuwa aibu kwake. Leo sheria ya nchi yasema miaka 18. Basi kijana wa miaka 15 asione kuwa anacheleweshwa. Amepewa miaka mitatu ya kujijenga.

Ajijenge vipi? Kwanza, kifua. Makurutu hupelekwa Eldoret, mji ulio kiasi cha mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Mtoto wa Mombasa, Malindi au Lamu amezaliwa pale pale maji yalipo. Huko juu hewa ni nyepesi, baridi ya alfajiri hukata, na kifua kisichozoea mbio huvuma kama mvukuto wa mhunzi. Eldoret hatuwezi kuileta pwani, lakini kijana aliyekimbia miaka mitatu hatafika huko akiwa mgeni wa kila kitu.

Aanze kwa mwendo wa haraka, kisha auchanganye na mbio za pole, siku tatu kwa wiki, juu ya mchanga mgumu wakati maji yamekupwa. Asizidishe masafa kwa pupa, maana haba na haba hujaza kibaba. Shirika la Afya Duniani hushauri watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate angalau dakika 60 za mazoezi kila siku, na siku tatu kati ya hizo zitie nguvu misuli na mifupa. Kwa hilo hahitaji vyuma. Sakafu yatosha kwa kujisukuma kwa mikono, na tawi imara la mwembe latosha kwa kujivuta juu. Vyuma vizito bila mwalimu avikae mbali, kwa kuwa ncha za mifupa yake bado zinakua, na jeraha la hapo laweza kumwachia kilema.

Kisha tuna bahari, neema ambayo wa bara wanatuonea wivu. Kuogelea hupanua kifua bila kuyaumiza magoti, na Jeshi la Wanamaji liko hapo Mtongwe, mbele ya macho yetu. Ila asiogelee peke yake, na aijue bahari inapojaa na kupwa, hasa siku za bamvua.

Chakula cha kumjenga kijana kiko jikoni mwetu: samaki, kunde, maharagwe, mayai, maziwa, matunda. Mwili haujengwi kwa soda na viazi karai. Kijana wa umri huu ahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10, na muguka humwibia usingizi huo pamoja na hamu ya kula. Meno nayo yatunzwe, kwani daktari wa jeshi huyatazama, na sisi mswaki ni suna tuliyoagizwa. Mwezi wa Ramadhani asiache mazoezi, bali ayapunguze: mepesi karibu na magharibi, na yenye uzito kidogo baada ya tarawehe, akisha kunywa maji ya kutosha.

Kuamka ni somo la peke yake. Kambini kurutu huamshwa kungali giza. Mtoto aliyezoea kuamka mwenyewe kwa Sala ya Alfajiri, akatandika kitanda chake na kufua kanzu yake, tayari ana kitu ambacho wenziwe watakipata kwa makelele ya sajini.

Sasa nije kwenye michezo ya kupigana. Mimi siipingi. Pwani yetu imekuwa na mweleka, na Lamu wanacheza kirumbizi kwa fimbo hadi leo, zumari likilia. Mtazame mchezaji hodari wa kirumbizi: macho hayamwachi mwenziwe, miguu ni myepesi, na ghadhabu haimo. Judo nayo, ambayo Jigoro Kano aliianzisha Tokyo mwaka 1882, humfunza mwanafunzi kuanguka bila kuumia kabla ya kumfunza kumwangusha mtu. Huo ndio mpango ninaoutaka.

Kuhusu ndondi naomba wazazi watahadhari. Robert Wangila alitupatia dhahabu ya Olimpiki mjini Seoul mwaka 1988, na nchi nzima ikashangilia. Mwaka 1994 alifariki Las Vegas kwa majeraha ya kichwa baada ya pigano. Mwaka 2011 vyama vya madaktari wa watoto vya Marekani na Kanada vilitamka pamoja kuwa ndondi haziwafai watoto na vijana, kwa sababu ya mapigo ya kichwa. Nasi tuna mafunzo yetu yanayokataza kupiga uso. Basi kijana aruke kamba, apige gunia, ajifunze mwendo wa miguu, lakini kichwa chake kisifanywe ngoma. Na mabinti wanaotaka kujifunza watafutiwe mwalimu mwanamke na mahali pa sitara. Nao wana haki ya nguvu na ya kujilinda.

Mwalimu achunguzwe kabla ya mchezo. Afundisha mahali pa wazi? Mzazi akitaka kuketi atazame, aruhusiwa? Mwalimu mwema humtimua mwanafunzi anayepigana mtaani. Na yeyote amwitaye mwanao kwenye mafunzo ya siri, akamwambia asimwarifu babake, huyo si mwalimu, ni mwizi wa watoto. Pwani hii imepoteza vijana waliodanganywa wakavushwa mpaka hadi Somalia, na mama zao wangali wakilia. Wengine wametupotea hapa hapa Kisauni na Likoni, wakishika mapanga kwa kudhani ndio uanaume.

Mtume (s.a.w.) alitufunza kuwa mwenye nguvu si yule anayewabwaga watu, bali ni yule anayejimiliki wakati wa hasira. Afisa anayemkabidhi kijana bunduki ataka mtu wa namna hiyo hiyo.

Yuko atakayeniuliza: na akifanya yote hayo kisha asichukuliwe? Nafasi ni chache, na wengi watarudi. Lakini atarudi na kifua kizima, jina safi, vyeti vyake mkononi na hasira aliyoitia hatamu. Kijana kama huyo atafaa bandarini, chuoni, na katika nyumba atakayoioa. Mzazi naye asiuze shamba wala dhahabu za bibi harusi ili anunue barua ya kuitwa. Usajili ni bure, na anayeuza barua hiyo ni tapeli.

Samaki mkunje angali mbichi, walisema wazee. Mwenye mtoto wa miaka 14 asingoje tangazo la gazetini. Amwamshe kesho alfajiri.